Maktaba za Vyuo Vikuu na Kiswahili cha Mwambao wa Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Buzebazeba ni kata mojawapo ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Jina lake lenyewe lamvutia mwanaisimu, kwani kiambishi bu- kinachosikika mwanzoni mwake ni kile kile cha Buha, Burundi na Bujiji, ambacho Kiswahili hukipunguza kikawa u- na kutoa Uha na Ujiji. Kuanzia hapo hadi fukwe za Kibirizi, Kiswahili husemwa sambamba na Kiha, na kwa muda mrefu kimekuwa kikipokea maneno ya Wamanyema, ya Wabembe, ya Warundi na ya wafanyabiashara wanaovuka ziwa kutoka Kongo. Hapa Kiswahili si lugha iliyoletwa na shule. Kilifika na misafara ya karne ya 19, kikakaa, kikazaa.

Na achukuliwe msomaji mmoja wa kubuni wa kata hiyo. Ni mwalimu wa sekondari aliyejiandikisha katika kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kuwafuata wasomaji kule kule waliko. Ana simu ya mkononi na kifurushi cha intaneti cha wiki. Anataka kuandika tasnifu juu ya Kiswahili cha mji wake. Je, maktaba ya chuo kikuu itamsaidia kwa lipi?

Jibu linalotolewa siku hizi bila kusita ni kwamba maktaba imekuwa ya kidijiti, hivyo umbali wa kilomita zaidi ya 1,200 za reli kati ya Kigoma na Dar es Salaam umefutika. Makala haya yanashikilia kwamba jibu hilo ni nusu ya kweli. Maktaba za vyuo vikuu vya Tanzania zimefanya kazi kubwa ya kuyaleta kwa msomaji yale yaliyoandikwa kwingineko. Kazi ambayo bado ni changa mno ni ile ya pili, yaani kuyapokea, kuyatunza na kuyatambulisha yale yanayosemwa na kuandikwa hapa. Matokeo yake ni kwamba mwambao wa Ziwa Tanganyika umekwisha kuingia katika mfumo wa dijiti, lakini umeingizwa na wengine, kwa maswali ya wengine. Mifano miwili itatosha.

2.0 Shajara ya Nyangwe

Tarehe 15 Julai 1871, watu waliokuwa wamejaa sokoni Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, walimiminiwa risasi na watu wa misafara ya biashara iliyotoka upande wa pwani. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake. David Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake. Wakati huo karatasi zilikuwa zimemwishia, kwa hiyo aliandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Uingereza, mistari yake ikikatiza maandishi ya chapa. Wino nao ulikuwa umemwishia, akatumia rangi ya mbegu za mmea wa huko. Miezi michache baadaye alirudi Ujiji akiwa amedhoofu, na hapo ndipo Stanley alipomkuta.

Rangi ile ilififia hata kurasa nyingi zikawa hazisomeki. Mwaka 2010 na 2011 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kilizipiga picha kurasa hizo, zinazotunzwa Blantyre huko Scotland, kwa kutumia mianga ya aina nyingi, ikiwemo ile isiyoonekana kwa macho. Picha ziliposhughulikiwa katika kompyuta, maandishi ya gazeti yalididimia na mwandiko wa Livingstone ukaibuka. Mwaka 2011 shajara hiyo ilitolewa hadharani na programu ya maktaba ya kidijiti ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na baadaye mkusanyo mpana uitwao Livingstone Online ukatunzwa na maktaba za Chuo Kikuu cha Maryland. Msomaji wa Buzebazeba aweza kuifungua bila malipo yoyote isipokuwa ya kifurushi chake.

Inafaa kukaa kidogo juu ya kazi hii, kwa sababu ndiyo inayoonyesha maktaba ya chuo kikuu hufanya nini inapoamua kufanya. Haikuweka picha tu. Iliweka picha na unakili wa maneno, ikaeleza kila picha ilipigwa lini na kwa mwanga gani, ikaeleza uamuzi wa wahariri ulifikiwaje, na ikatoa ruhusa ya wazi ya kutumia upya. Kutokana na hayo mwanafunzi aweza kuweka shajara ya 1871 kando ya kitabu kilichohaririwa na rafiki yake Livingstone na kuchapishwa mwaka 1874, akaona mwenyewe nini kilibadilishwa, hasa katika habari za mwenendo wa watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe. Somo zima la uhakiki wa matini lapatikana humo. Walimu wa fasihi na historia wanaolalamika kwamba hawana matini asilia za kufundishia wangefanya vema kuanza hapo.

Jambo moja dogo litawafurahisha wanaleksikografia. Jina la mmea uliotoa wino ule, kama Livingstone alivyojaribu kuliandika baada ya kulisikia kwa watu wa misafara, laelekea kuwa ndilo neno zingefuri la kamusi zetu, na mti wake ni mzingefuri, wenye mbegu za kutia rangi nyekundu. Yaani kifunguo cha kuelewa kwa nini shajara ile ilififia ni neno la Kiswahili.

Hata hivyo sauti iliyookolewa kwa mianga yote ile ni ya mtu mmoja, naye ni mgeni. Walioandamana naye, waliompikia, waliomtafsiria na waliobeba kurasa zile hawakuandikiwa shajara. Tena maelezo yote ya mkusanyo ni ya Kiingereza. Mtu akitafuta humo kwa maneno ya Kiswahili atapata machache sana. Hili si kosa la waliofanya kazi ile, kwani walijibu swali lililokuwa lao.

3.0 Daftari za Gombe

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Buzebazeba, na umezingatiwa kidogo zaidi na wanaisimu. Kaskazini ya mji wa Kigoma, mwendo wa mashua kutoka Kibirizi, iko Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alianza utafiti wa sokwe hapo Julai 1960. Habari hiyo yajulikana duniani kote. Isiyojulikana sana ni lugha ambayo sehemu kubwa ya utafiti huo iliandikwa.

Mwezi Mei 1975 vijana wanne wa kigeni walitekwa Gombe na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire. Walirudishwa baadaye, lakini wanafunzi wa kigeni waliondolewa, na kazi ya kila siku ikabaki mikononi mwa wasaidizi wa utafiti Watanzania, wengi wao wenyeji wa vijiji vya mwambao. Miongoni mwao alikuwamo Hilali Matama, ambaye jina lake limeandikwa katika historia ya kituo hicho. Watu hawa walimfuata sokwe mmoja tangu anapotoka katika kiota asubuhi hadi anapojenga kingine jioni, wakaandika alikula nini, alikutana na nani, alipigana na nani, alipita njia gani. Waliandika kwa Kiswahili. Maandishi yao yakatafsiriwa kwa Kiingereza ili wanabiolojia wa nje wayatumie, na makala nyingi za kisayansi zilizotokana na Gombe zimesimama juu ya tafsiri hizo.

Daftari na fomu hizo, pamoja na ramani na tafsiri, zilihifadhiwa kwa miaka kadhaa katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Duke, nacho cha Marekani, kilitangaza kwamba kitazitunza katika kituo chake cha utafiti na kuendeleza kazi ya kuzitia katika mfumo wa dijiti. Kwa wanabiolojia huo ni uokozi, na shukrani wanastahili.

Lakini na litazamwe jambo hili kwa jicho la Idara ya Kiswahili. Kuna maandishi ya Kiswahili, ya nathari, ya kisayansi, yaliyoandikwa siku kwa siku kwa miongo kadhaa na watu wa mwambao wa Tanganyika, juu ya jambo moja na kwa utaratibu mmoja. Ni vigumu kutaja mfano mwingine wa namna hiyo. Tangu miaka ya 1960 wanazuoni wamejadili iwapo Kiswahili chaweza kubeba sayansi, wakaunda kamati, wakatoa orodha za istilahi na kuendesha semina. Wakati huo huo, mwendo wa saa chache kutoka Ujiji, watu ambao wengi wao hawakupita chuo kikuu walikuwa wakikibebesha sayansi kila siku, katika mvua na miiba, bila kumwomba mtu yeyote istilahi.

Maswali ambayo mwanaisimu angeyauliza daftari hizo ni mengi. Mwandishi aliyemfuata sokwe mwenye jina kama la mtu alimpa upatanisho gani pale alipotaja viungo vyake na kiota chake? Alisimulia kwa -ka-, au alishikilia -na- kwa kuwa aliandika yakitendeka? Tendo lisilo na jina katika Kiswahili sanifu alilitaja kwa kuazima Kiha, kwa kunyambua kitenzi, au kwa kutumia tanakali sauti? Je, mwandishi wa mwaka 1976 na wa mwaka 1996 walitumia neno moja kwa tendo moja? Iwapo ndivyo, nani alisanifisha? Mwanafunzi wa uzamivu angeweza kuishi humo kwa miaka minne na kutoka na kazi ambayo ingebadilisha namna uundaji wa istilahi unavyofundishwa. Kwa sasa maandishi hayo yanahesabika kuwa data za elimu ya wanyama. Katika mpangilio wa maktaba hayako chini ya Kiswahili, kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili hayapati, hata kama yamo katika kompyuta.

Yafaa kusemwa wazi kwamba makala haya hayadai daftari zirejeshwe kwa mabavu. Linalodaiwa ni dogo zaidi, nalo ni gumu zaidi: chuo kikuu cha Tanzania kiombe nakala ya picha za maandishi ya Kiswahili, kizipokee kwa mkataba, kizieleze kwa Kiswahili na kuzifungua kwa wasomaji.

4.0 Mfereji na ghala

Hali ya maktaba zetu isielezwe kwa kulalamika tu. Programu ya HINARI iliyoanza mwaka 2002 ilizifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba, na nyingine za kilimo na mazingira zikafuata. Maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti za Tanzania ziliungana ili kununua kwa pamoja haki ya kusoma majarida. Mwezi Novemba 2018 ilifunguliwa maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Sokoine, Muhimbili na Huria vimefungua hazina za kidijiti ambamo tasnifu na makala za wanataaluma wao huwekwa.

Hata hivyo sehemu kubwa ya fedha na maarifa imetumika katika kujenga mfereji. Mfereji huleta maji kutoka mbali, nao unapokatwa kwa kukosa ada, kinachobaki ni bomba kavu. Ghala ni kitu kingine. Ghala hujazwa na mavuno ya mwenye shamba, na hata mwaka wa njaa kuna cha kuhesabu.

Hazina za kidijiti zilikusudiwa kuwa ghala. Lakini kinachoingia humo aghalabu ni tasnifu iliyokwisha pigwa chapa, yaani mchele uliokobolewa. Mwanafunzi aliyekwenda Ujiji akarekodi saa thelathini za mazungumzo ya wazee hutoa humo sentensi mia moja, akazipa namba, akazipachika katika sura ya nne. Saa thelathini zenyewe hubaki katika kaseti, na siku hizi katika simu. Simu ikiibiwa au kaseti ikiota ukungu, hakuna awezaye tena kupima kama sentensi ya 47 ilisemwa kweli, au kama ilisemwa hivyo. Mwanakemia akidai matokeo bila kuonyesha alivyoyapata hufukuzwa barazani. Mwanaisimu husifiwa na kupewa joho.

Taaluma ya Kiswahili ilikwisha kuwa na mwanzo mzuri katika jambo hili. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya hati na kanda za sauti kwa ajili ya maktaba ya kilichokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla hakijawa chuo kikuu kamili, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Ilichapishwa Leiden. Tangu wakati huo mikusanyo ya hati za Kiswahili, iwe ya Dar es Salaam, ya London au ya Hamburg, imeelekea zaidi kwenye hati za mwambao wa Bahari ya Hindi, tenzi kwanza. Upendeleo huo una asili yake. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ilisimika usanifishaji juu ya lahaja ya Unguja, na urithi ukatafutwa pale mamlaka ya lugha yalipokuwa. Kiswahili cha bara kikahesabiwa kuwa ni cha kujifunzwa tu, kisicho na kale. Lakini watu wa Ujiji walikuwa wakizungumza Kiswahili miongo mingi kabla ya Kamati kukutana.

Basi msomaji wa Buzebazeba atakayetaka kujua yaliyoandikwa juu ya kwao itambidi asafiri, japo kwa kidole. Historia ya mji wa Ujiji hadi 1914 iliandikwa na Beverly Brown kama tasnifu ya Boston mwaka 1973. Sarufi ya Kiha, pamoja na matini na msamiati, ilitolewa na Lotta Harjula huko Köln mwaka 2004. Wasifu wa Tippu Tip, ambao ni mojawapo ya masimulizi makubwa ya kwanza ya Kiswahili juu ya bara, ulitolewa na Brode katika jarida la Berlin mwaka 1902 na 1903. Safari za Wasuaheli, iliyokusanywa na Velten na yenye habari za waliofika katika nchi za Ziwa Tanganyika, ilichapishwa Göttingen mwaka 1901. Matini za Kiswahili cha Kongo zilianza kuwekwa katika intaneti mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa juhudi za Johannes Fabian na Vincent de Rooij wa Amsterdam, kazi iliyofanywa na watu wachache kwa moyo mkubwa. Kila moja ni kazi ya kuheshimiwa. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja, katika maktaba moja ya Tanzania, unaozikusanya na kumwambia mwalimu wa Kigoma kwa Kiswahili kwamba hiki kiko hapa, hiki ni bure, hiki kitaombwa kwa mkutubi fulani. Kazi hiyo haihitaji mianga ya ajabu, bali mkutubi mmoja na mwanaisimu mmoja kwa mwaka mmoja.

5.0 Jina ambalo mashine hulijua

Wengi hudhani kwamba kutia maandishi katika mfumo wa dijiti ni kuyapiga picha. Picha ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko katika kuitambulisha, kwani kilichotambulishwa vibaya ndani ya kompyuta kimepotea kuliko kilichopotea stoo, ambako mtu aweza walau kukikanyaga.

Mathalan, lugha moja huitwa Kiha, Giha, Igiha na Ha kutegemea mwandishi. Katika uainishaji wa Guthrie ni D66, na katika orodha ya kimataifa ya lugha ni haq. Asiyejua majina haya yote hatapata yote yaliyoandikwa. Maktaba yaweza kuyafunga pamoja ili atakayeuliza kwa moja aletewe mengine yote, nayo ni kazi ya kawaida ya ukutubi. Kwa Kiswahili cha Ujiji tatizo ni kubwa zaidi. Orodha hiyo ya kimataifa inazo alama mbili zinazohusika: swh kwa Kiswahili cha Afrika Mashariki na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Mzee wa Ujiji ambaye bibi yake alitoka Umanyema, aliyezaliwa kando ya soko na kuuza mawese na migebuka pande zote mbili za ziwa, awekwe wapi? Akiwekwa swh, tofauti zake zitaonekana kuwa makosa. Akiwekwa swc, amehamishwa nchi. Mpaka uliochorwa na wakoloni katikati ya maji umeingia katika katalogi, na safari hii umechorwa kwa herufi tatu.

Hapa ndipo idara ya lugha isipoweza kumwachia mkutubi kazi peke yake. Mkutubi hutumia alama anazopewa. Ni wajibu wa wanaisimu kueleza mji, ukoo, umri na historia ya msemaji kwa utaratibu unaokubalika, ili alama isiyotosha isimmeze msemaji. Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009 ilionyesha kwamba kazi ya nchi nzima inawezekana. Ramani ile ilisema lugha gani iko wapi. Sauti zinazoijaza ramani bado.

Vichwa vya mada navyo vimekuwa kikwazo. Tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili juu ya methali za Kiswahili huingizwa katika katalogi kwa vichwa vya Kiingereza. Anayetafuta kwa neno methali hupata zile tu zenye neno hilo katika anwani. Taaluma iliyotunga istilahi za fizikia haikosi uwezo wa kutunga orodha ya vichwa vya mada kwa ajili ya vitabu vyake yenyewe.

6.0 Pingamizi

Yapo mapingamizi ya haki. La kwanza ni la umeme na gharama. Kwa miaka mingi mji wa Kigoma ulitegemea jenereta za dizeli, na gridi ya taifa ilianza kufika mkoani humo mwaka 2022. Kuna watakaosema kwamba ni anasa kuzungumzia sauti za kidijiti pale ambapo vitabu vya kiada havitoshi. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu zaidi kama fedha zingekuwa zikihama kutoka kwenye kiada kwenda kwenye kanda. Hazihami. Fedha za dijiti zipo na zinatumika, na swali ni kama zote ziingie katika mfereji. Tena faili ya sauti haihitaji intaneti ya daima. Nakala yaweza kuwekwa katika kompyuta ya maktaba ya mkoa na ikasikilizwa hapo bila kifurushi.

La pili ni zito zaidi, nalo ni la idhini. Mzee aliyezungumza na mwanafunzi barazani mwaka 1985 hakuulizwa kama sauti yake yaweza kusikika Chicago. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 sasa inalazimisha uangalifu, na hata bila sheria adabu ingelazimisha. Yapo mazungumzo ya ukoo, ya uchawi, ya utumwa wa babu wa fulani, ambayo Ujiji yangali moto. Si kila kilichorekodiwa kifunguliwe. Lakini ghala lina milango ya aina nyingi: lipo la kufunguliwa kwa wote, lipo la kusomwa kwa ruhusa, lipo la kufungwa hadi muda fulani upite. Anayetumia idhini kuwa hoja ya kutohifadhi chochote amechagua mlango mmoja tu, nao ni wa jalala.

La tatu husemwa kwa kunong'ona, kwamba mtafiti hataki data zake zionekane kabla hajazimaliza. Hofu hii ina msingi, maana wapo waliovunwa. Apewe muda wa miaka kadhaa, kisha afungue. Ambaye miaka ishirini baadaye bado anaziatamia data za tasnifu yake hana anachokilinda isipokuwa tasnifu yenyewe.

7.0 Pa kuanzia

Hatua ya kwanza haimo mikononi mwa wafadhili wala wizara. Imo katika kanuni za shahada za juu za kila idara. Idara yaweza kuamua kwamba hakuna tasnifu ya isimu au fasihi simulizi itakayopelekwa kwa watahini wa nje kabla rekodi zake, pamoja na fomu za idhini na maelezo ya wasemaji, hazijakabidhiwa maktaba na kupewa namba. Maktaba kwa upande wake itakuwa imejifunga kuzitunza katika nakala zaidi ya moja, mahali zaidi ya pamoja. Uamuzi huo waweza kupitishwa katika kikao kimoja cha bodi ya idara.

Ya pili ni barua. Mkuu wa taasisi ya Kiswahili na mkurugenzi wa maktaba waandike kwa pamoja kwa wanaotunza daftari za Gombe, waombe picha za kurasa za Kiswahili, kwa kuanzia za mwaka 1975 hadi 1980, wakieleza nani atazisoma na kwa masharti gani. Wale wa mwambao walioziandika, pamoja na watoto wa waliokwisha kufariki, waulizwe kwanza. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili nacho kimekuwa na mpango wa kampasi mkoani Kigoma. Kampasi huhitaji maktaba, na hakuna sheria isemayo kwamba maktaba ya madaktari isiwe na rafu ya lugha ya wagonjwa wao. Nakala moja ya kurasa hizo ikae huko, nyingine Dar es Salaam, na ya tatu katika maktaba ya mkoa, ambako mwalimu wa Buzebazeba aweza kufika kwa daladala.